Je, ugonjwa wa mapafu uko kwenye damu yetu? Uzi kuhusu protini za kinga, jeni na mwenendo wa maradhi sugu ya mapafu

Pumzi Ndefu (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, nimeuanzisha uzi huu kwa sababu ya swali moja ambalo wagonjwa wa mapafu na jamaa zao huniuliza karibu kila wiki kliniki: je, ugonjwa huu uko kwenye damu yetu? Kila ninapolisikia naona kwamba ndani yake mna maswali mawili yaliyofungwa pamoja. Anayeuliza anataka kujua kwa nini ameugua, na papo hapo anataka kujua ataishi vipi na ugonjwa huo na kwa muda gani. Utafiti wa miaka 60 hivi umeonyesha kwamba majibu yake hayafanani. Kuna jeni zinazomweka mtu karibu na ugonjwa, kuna jeni na protini za kinga zinazoamua ugonjwa utakwenda kwa kasi gani ukishaingia, na wakati mwingine jeni ileile hufanya kazi zote mbili kwa pande zinazopingana. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka tulizungumze kwa kina, kwa kuwa nimeona watu wakikata tamaa, au wakijipa matumaini yasiyo na msingi, kwa kusoma jibu la swali moja wakadhani wamejibiwa lile la pili.

Nianze na protini iliyofungua somo hili lote. Mwaka 1963, mjini Malmö nchini Sweden, Carl-Bertil Laurell alikuwa akipitia vipimo vya protini za damu zilizotenganishwa kwa umeme. Kati ya sampuli zipatazo 1,500 aliziona 5 ambazo mstari wa alfa-1 haukuwapo. Yeye na daktari kijana Sten Eriksson walipowafuatilia wenye damu hiyo walikuta kwamba 3 kati ya 5 walikuwa na emfisema, yaani ugonjwa unaobomoa kuta za vifuko vya hewa mapafuni, nao walikuwa wameugua katika umri ambao ugonjwa huo haukutarajiwa.

Protini iliyokosekana ni alfa-1 antitripsini. Hutengenezwa hasa kwenye ini, husafiri na damu hadi mapafuni, na kazi yake kubwa huko ni kukizuia kimeng'enya kiitwacho elastasi. Elastasi hubebwa na nyutrofili, zile seli nyeupe za damu zinazowahi kufika penye vijidudu au moshi. Nyutrofili inapopambana na kijidudu, au inapokufa, sehemu ya elastasi yake humwagika nje, na kama hakuna wa kuizuia, huanza kula nyuzi zinazoyapa mapafu uwezo wa kunyumbuka na kurudi. Kwa hiyo uharibifu tunaouona kwenye picha ya kifua ya mgonjwa wa namna hii unafanywa na kinga yake mwenyewe, iliyokuwa ikitimiza wajibu wake bila breki.

Jeni ya protini hii inaitwa SERPINA1 na iko kwenye kromosomu ya 14. Aina yake ya kawaida huitwa M. Aina iitwayo Z imebadilika mahali pamoja tu: kwenye nafasi ya 342 ya protini, asidi ya glutamiki imeiachia laisini. Badiliko hilo huifanya protini ijikunje vibaya na kunasana na wenzake ndani ya seli za ini, hivyo kiasi kidogo tu ndicho kinachofika kwenye damu. Mtu mwenye nakala mbili za Z, moja kutoka kwa kila mzazi, huwa na takriban asilimia 10 hadi 20 ya kiwango cha kawaida. Ini nalo linaweza kuumia kwa kulimbikiza protini isiyotoka, na ndiyo maana ugonjwa mmoja wa jeni huonekana kama magonjwa mawili, la mapafu kwa sababu ya upungufu na la ini kwa sababu ya wingi.

Sasa nije kwenye kiini. Watu wawili wenye nakala mbili za Z, hata wakiwa ndugu wa tumbo moja, wanaweza kuishi maisha tofauti kabisa. Nimewahi kuwahudumia ndugu wa aina hiyo: mkubwa alikuwa mvutaji wa sigara na alihitaji oksijeni kabla ya kufika miaka 50, mdogo hakuwahi kuvuta na alikuwa bado anapanda ngazi bila kupumzika. Jeni ilikuwa moja. Moshi wa sigara humdhuru mtu kama huyu mara mbili, kwa kuwa huziita nyutrofili mapafuni kwa wingi, na pia huiharibu ile antitripsini kidogo iliyopo kwa kuioksidisha methionini ya nafasi ya 358, mahali penyewe ambapo protini hiyo huikamatia elastasi. Jeni ilikuwa imeweka udhaifu tu. Moshi ndio uliougeuza kuwa ugonjwa mkali.

Nitaendelea na magonjwa mengine, lakini kwanza ningependa kusikia kutoka kwenu.

Dada Mkubwa

Nashukuru sana kwa maelezo haya, daktari. Kaka yangu aligundulika mwaka jana kuwa na nakala mbili za Z baada ya kutibiwa kwa miaka mingi kama mwenye pumu ya kawaida. Sisi tuliobaki hatujapima. Nina maswali mawili. Kwanza, je, kila mwenye emfisema anapaswa kupimwa, au ni wale tu walioanza kuumwa mapema? Pili, nilipima kiwango cha protini hiyo nilipokuwa na homa ya mafua makali na nikaambiwa kiko sawa. Je, niridhike?

Kiti cha Maabara

Dada Mkubwa, niruhusu nijibu la pili kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku. Usiridhike bado. Alfa-1 antitripsini ni miongoni mwa protini zinazopanda mwili unapokuwa na uvimbe au maambukizi, kwa hiyo mtu mwenye nakala moja ya M na moja ya Z anaweza, akiwa na homa, kuonyesha kiwango kinachofanana na cha mtu wa kawaida. Maabara makini hupima pamoja nayo protini iitwayo CRP, ambayo nayo hupanda wakati wa uvimbe. CRP ikiwa juu, tunajua kwamba namba ya antitripsini imebebwa na homa na haitoshi kutoa hukumu. Kinachotoa jibu la kudumu ni kuangalia aina ya protini yenyewe au kusoma jeni, kwa sababu jeni haipandi wala haishuki kwa mafua.

Kuhusu swali la kwanza, Shirika la Afya Duniani limependekeza kwa miaka mingi kwamba kila mwenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ambao emfisema ni sehemu yake, apimwe upungufu huu, bila kujali umri wake. Kipimo kinahitajika mara moja tu maishani. Linaloniumiza ni kwamba kipimo rahisi namna hii kinarukwa, na kisa cha kaka yako cha kutibiwa pumu kwa miaka si cha peke yake hata kidogo.

Msomaji Mtulivu

Mimi nina shaka moja ya kweli. Tunasema kwamba mapafu yanaharibiwa na kinga iliyokosa breki. Kama ni hivyo, kwa nini tusiizime tu kinga hiyo kwa dawa? Na kama CRP inapanda kwa wagonjwa wa mapafu, na wale ambao iko juu zaidi ndio wanaokufa mapema zaidi, kwa nini tusitafute dawa ya kuishusha?

Pumzi Ndefu

Ndugu Msomaji Mtulivu, swali lako limewagharimu watafiti miaka mingi, na niseme wazi kwamba liliwagharimu wagonjwa pia.

Nianze na CRP. Ni kweli kwamba wagonjwa wa njia za hewa wenye CRP ya juu hulazwa na kufa zaidi. Lakini kuna watu ambao jeni zao huwafanya wawe na CRP ya juu tangu kuzaliwa, bila ugonjwa wowote. Kama CRP yenyewe ndiyo inayoharibu mapafu, watu hao wangepaswa kuugua zaidi. Watafiti wa Copenhagen walilichunguza jambo hilo katika idadi kubwa ya watu wazima na kuchapisha matokeo yao mwaka 2011: jeni zinazopandisha CRP hazikuongeza ugonjwa wa njia za hewa. Maana yake ni kwamba protini hiyo hupanda kwa sababu mtu anaumwa. Inatuonyesha ukali wa ugonjwa, lakini kuishusha yenyewe hakutarajiwi kuyaokoa mapafu. Njia hii ya kutumia jeni kama bahati nasibu ya asili, inayogawanya watu kabla hawajaanza kuvuta sigara, kunenepa au kuugua, ni mojawapo ya mambo mazuri kabisa ambayo elimu ya vinasaba imelipa somo la mapafu.

Kuhusu kuizima kinga, tayari imejaribiwa. TNF, protini ya kinga inayochochea uvimbe, hupanda kwenye makohozi ya wagonjwa wa njia za hewa, na kuna dawa, infliksimabu, inayoizuia na ambayo imewasaidia sana wenye baridi yabisi. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa njia za hewa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 hayakuonyesha nafuu yoyote, na kundi lililopata dawa lilikuwa na visa vingi zaidi vya saratani na nimonia.

Jaribio lililotufundisha zaidi lilihusu ugonjwa wa mapafu kujaa makovu bila sababu inayojulikana, ambao nitauita fibrosisi ya mapafu. Kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba chanzo chake ni uvimbe, hivyo waliwapa wagonjwa dawa za kuzima kinga, yaani prednisoloni au prednisoni na azathioprini, pamoja na asetilisisteini. Jaribio la PANTHER nchini Marekani lililinganisha mchanganyiko huo na vidonge visivyo na dawa. Lilisimamishwa kabla ya wakati, na taarifa yake ya mwaka 2012 ilionyesha vifo 8 kwa waliopewa dawa tatu dhidi ya kifo 1 kwa wasiopewa. Tiba iliyotolewa kwa nia njema kwa miaka mingi ilikuwa ikiwadhuru.

Na hapa jeni zinarudi. Miaka kadhaa baadaye watafiti walirudi kwenye damu ya washiriki wa jaribio hilo, wakapima urefu wa telomea, yaani vile vifuniko vya ncha za kromosomu vinavyopungua kadiri seli zinavyogawanyika. Wenye telomea fupi kupita kiasi, jambo ambalo mara nyingi hutokana na mabadiliko kwenye jeni kama TERT, TERC, RTEL1 au PARN, ndio waliodhurika waziwazi na dawa za kuzima kinga. Seli za kinga za mtu kama huyo, pamoja na uboho unaozizalisha, tayari zina akiba ndogo, na dawa iliimaliza akiba hiyo.

Bila Haraka

Naomba tukae kidogo kwenye fibrosisi, kwa sababu nadhani ndipo penye mfano bora wa hoja uliyoianza, ya jeni inayovuta pande mbili. Ninamaanisha MUC5B.

Pumzi Ndefu

Umenisoma mawazo, ndugu yangu. MUC5B ni jeni ya protini kubwa inayotengeneza ute wa njia za hewa. Ute huo tunaupuuza kwa kuwa tunauona kama uchafu, lakini ni sehemu ya kinga ya kuzaliwa nayo: hunasa vijidudu na vumbi, kisha vinyweleo vya seli huusukuma kuelekea kooni. Panya walioondolewa jeni hii hushindwa kusafisha njia zao za hewa na huugua maambukizi ya bakteria.

Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba badiliko moja kwenye sehemu inayowasha jeni hiyo, lililoko kromosomu ya 11, lilikuwa kwenye asilimia 38 ya nakala za jeni za wagonjwa wa fibrosisi na asilimia 9 tu ya nakala za watu wa kulinganishwa nao. Ni mara chache sana badiliko la kawaida la jeni huwa na uzito wa kiasi hicho katika ugonjwa sugu. Mwenye nakala moja alikuwa na uwezekano wa kuugua mara nyingi zaidi ya asiye nayo, na mwenye nakala mbili zaidi ya hapo. Badiliko hilo huifanya jeni itoe ute mwingi kupita kiasi kwenye njia ndogo za hewa.

Yeyote aliyesoma habari hiyo angetarajia kwamba wagonjwa wenye badiliko hilo watakufa mapema. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo yaliyoonyesha kinyume chake. Katika kundi moja la wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka miwili, wasio na badiliko walikufa kwa asilimia 25, wenye nakala moja asilimia 17, na wenye nakala mbili asilimia 3. Jeni iliyowaleta kwenye ugonjwa ilikwenda pamoja na uhai mrefu zaidi ndani ya ugonjwa uleule.

Mwaka huohuo, jirani kabisa na MUC5B kwenye kromosomu ileile, jeni ya TOLLIP ilionyesha kisa kinachofanana kwa upande wa pili. TOLLIP ni protini ya kinga inayotuliza vipokezi vya seli vinavyotambua vijidudu, ili jibu la mwili lisipite kiasi. Badiliko mojawapo ndani yake lilipatikana kwa uchache miongoni mwa wagonjwa wa fibrosisi, kana kwamba linakinga, lakini wale walioumwa wakiwa nalo walikuwa na vifo vingi zaidi.

Nikiwa mbele ya mgonjwa na karatasi yake ya vipimo, mifano hii miwili hunizuia kusema sentensi rahisi kama "una jeni mbaya".

Bila Haraka

Ahsante. Mimi kazi yangu ni takwimu, na ningependa kuongeza tahadhari ambayo nadhani ni ya lazima hapa. Tunapowafuatilia wagonjwa peke yao, tayari tumekwisha kuwachuja watu. Mtu aliyepata fibrosisi bila kuwa na badiliko la MUC5B lazima alisukumwa kwenye ugonjwa na kitu kingine: labda telomea fupi, labda vumbi la kazini kwa miaka mingi, labda jambo tusilolijua. Huenda kitu hicho kingine ndicho kinachoua haraka. Basi tukilinganisha makundi mawili ndani ya wagonjwa tu, badiliko la MUC5B linaweza kuonekana kama mlinzi ilhali halilindi chochote, bali linaashiria tu kwamba mwenye nalo hakuhitaji sababu kali zaidi ili augue. Hoja hiyohiyo inaihusu TOLLIP kwa upande wa pili: aliyeugua licha ya kuwa na kinga fulani huenda alipigwa na pigo zito zaidi.

Sisemi kwamba matokeo ya 2013 ni ya uongo. Namba ni za kweli, na kwa kutabiri mwenendo wa mgonjwa aliyeko mbele yako zinafaa. Ila si sahihi kutoka kwenye utabiri huo na kuruka hadi kusema kwamba ute mwingi unaokoa maisha, kisha mtu akaanza kutengeneza dawa kwa msingi huo.

Pumzi Ndefu

Nakubaliana nawe kikamilifu, na nashukuru umelisema kwa uwazi kuliko ambavyo ningeweza. Niongeze mfano mmoja wa jeni inayotuonya dhidi ya haraka. FAM13A ina aina mbili za kawaida. Ile inayoongeza hatari ya ugonjwa wa kuziba kwa njia za hewa ndiyo inayopunguza hatari ya fibrosisi, na kinyume chake. Mtu hawezi kuzaliwa na aina nzuri ya jeni hiyo bila kuulizwa kwanza: nzuri kwa ugonjwa upi?

Kiti cha Maabara

Naomba nilete protini nyingine ambayo sisi wa maabara tunaiona ni mwalimu mzuri: lektini inayoshika manosi, ambayo kwa kifupi huitwa MBL. Hutoka kwenye ini kama antitripsini, na kazi yake ni kushika sukari zilizo juu ya ngozi ya bakteria, fangasi na baadhi ya virusi, kisha kuuamsha mfumo wa komplementi, yaani kundi la protini za damu zinazoshambulia vijidudu, ili kijidudu kitobolewe au kimezwe na seli za kinga. Jeni yake, MBL2, iko kwenye kromosomu ya 10, na kuna mabadiliko matatu yanayojulikana sana, kwenye kodoni (herufi tatu za jeni zinazotaja kiungo kimoja cha protini) za 52, 54 na 57, yanayoizuia protini kujipanga vizuri. Lile la kodoni ya 54 limeenea zaidi Ulaya na Asia, na lile la 57 kusini mwa Sahara. Kwa jinsi yalivyo ya kawaida, watu wengi sana duniani wana MBL kidogo, na walio wengi kati yao hawajawahi kuugua kwa sababu hiyo.

Lakini mpe mtu huyohuyo ugonjwa wa sistiki fibrosisi. Ugonjwa huu husababishwa na jeni ya CFTR ya kromosomu ya 7, iliyogunduliwa mwaka 1989, na ndani yake ute wa mapafu huwa mzito na kukaribisha bakteria sugu, hasa Pseudomonas aeruginosa. Watafiti wa Denmark walipima MBL2 kwa wagonjwa 149, na taarifa yao ya mwaka 1999 ilionyesha kwamba waliokuwa na aina dhaifu walikuwa na nguvu ndogo ya mapafu, tofauti hiyo ikionekana hasa kwa wale waliokwisha kushikwa na Pseudomonas kwa kudumu, na kwamba umri uliokadiriwa wa kuishi ulikuwa mfupi kwa miaka 8. Hivyo upungufu ambao kwa jirani yako mwenye mapafu mazima hauna maana yoyote, kwa mgonjwa huyu unamwondolea sehemu kubwa ya maisha. Mwaka 2005 jambo linalofanana lilionyeshwa kwa TGFB1, jeni ya protini inayoongoza uvimbe na kutengenezwa kwa makovu: kati ya wagonjwa 808 waliokuwa na badiliko moja na lilelile la CFTR kwenye nakala zote mbili, baadhi ya aina za TGFB1 ziliambatana na ugonjwa mkali zaidi.

Msomaji Mtulivu

Nimeelewa kwamba kuizima kinga yote ni kosa, na kwamba protini inayopanda si lazima iwe chanzo. Je, kuna mahali popote ambapo elimu hii imezaa tiba inayofanya kazi? Nauliza kwa sababu ninaye mzazi anayeumwa.

Pumzi Ndefu

Ipo, na pole sana kwa ugonjwa wa mzazi wako.

Kwa upungufu wa alfa-1 antitripsini, protini iliyokusanywa kutoka kwenye damu ya wachangiaji hutiwa mshipani kila wiki, kwa kawaida miligramu 60 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Jaribio la RAPID, lililochapishwa mwaka 2015, lilionyesha kwa picha za kompyuta kwamba upotevu wa nyama ya mapafu hupungua kasi kwa wanaopata tiba hiyo. Hairudishi kilichokwisha kubomoka, na ndiyo maana kugundua mapema kuna thamani kubwa.

Kwa bronkiektasisi, ambako njia za hewa zimepanuka na kulegea hadi makohozi yanatuama, njia iliyopatikana inanivutia sana. Elastasi na wenzake huwa bado hazijakamilika nyutrofili inapokuwa ndani ya uboho. Kuna kimeng'enya kiitwacho DPP1 kinachozikata na kuziweka tayari kwa kazi. Brensokatibu ni kidonge kinachokizuia kimeng'enya hicho, kwa hiyo nyutrofili hutoka kwenye uboho ikiwa na silaha chache zaidi, huku yenyewe ikiendelea kuwapo. Kidonge hicho kilipunguza vipindi vya ugonjwa kuzidi ghafla, na Marekani ilikiidhinisha mwezi Agosti 2025.

Kwa ugonjwa wa kuziba kwa njia za hewa, tumejifunza kuwachagua wagonjwa kwa aina ya kinga inayowasumbua. Wenye eosinofili, aina nyingine ya seli nyeupe za damu, 300 au zaidi kwa kila mikrolita ya damu ndio wanaonufaika zaidi na steroidi ya kuvuta, na wenye chini ya 100 hawatarajiwi kupata faida, ilhali hatari ya nimonia wanabaki nayo. Kwa wale wenye eosinofili nyingi ambao bado wanazidiwa licha ya dawa za kuvuta, dupilumabu, inayozuia ishara za protini za kinga IL-4 na IL-13, ilionyesha mwaka 2023 kwamba hupunguza kuzidiwa kwa takriban asilimia 30, na ikaidhinishwa mwaka 2024. Wagonjwa wa lile jaribio la kuzuia TNF walichukuliwa wote kwa pamoja bila kuchujwa. Hawa walichaguliwa kwanza. Muulize daktari wa mzazi wako idadi ya eosinofili zake ni ngapi. Huwa imo tayari kwenye kipimo cha kawaida cha damu, na mara nyingi hakuna aliyeisoma.

Dada Mkubwa

Nimerudi na majibu. Nilipima jeni baada ya homa kuisha. Mimi nina nakala moja ya M na moja ya Z. Sijawahi kuvuta sigara, na kipimo cha kupuliza kimetoka vizuri. Nina mtoto mmoja wa kiume. Naogopa kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu.

Pumzi Ndefu

Dada yangu, kwa nakala moja ya Z na bila kuvuta sigara, hatari yako ya ugonjwa wa mapafu haitofautiani sana na ya mtu mwingine. Tofauti kubwa huonekana kwa wenye aina kama yako wanaovuta, ambao mapafu yao huharibika zaidi kuliko ya wavutaji wenye nakala mbili za M. Linda pia hewa unayoivuta kazini, hasa vumbi na mvuke wa kemikali.

Mwanao amepata kutoka kwako ama M ama Z, kwa nafasi sawa. Kama baba yake ana nakala mbili za M, mtoto hawezi kuwa na Z mbili, kwa hiyo anayefaa kupimwa kwanza ni baba. Kipimo chake kikionyesha Z, hapo ndipo mtoto apimwe, na ini lake lichunguzwe pamoja na mapafu, kwa kuwa kwa watoto wenye Z mbili ini ndilo linaloweza kuonyesha dalili mapema. Na kaka yako, kama bado hajaanza kufuatiliwa ini, mpeleke mwezi huu.